Mkasi Nyuma ya Sikio

Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, unaweza kumtia kwenye kapu la sokoni na akabaki na nafasi ya kugeuka. Jina lake Pamba, na ukimwona huulizi kwa nini. Alikuwa wa Mwalimu. Mwalimu alikuwa amestaafu, hana mume, hana mtoto wa kumzaa. Watoto wake wote walikuwa wa darasani, na siku hizi ni watu wazima wenye vitambi wanaomwamkia barabarani. Pamba ndiye aliyemwamsha asubuhi, na jioni ndiye aliyesikiliza naye taarifa ya habari. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba nyonga yake haina budi kupasuliwa, hakuuliza kama atapona. Aliuliza Pamba atakaa na nani.

Alifikiri siku nne. Siku ya tano akampigia simu mdogo wake, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Huyo mdogo wake ndiye tutakayefuatana naye hapa. Mtaani wanamwita Mama Vifungo, kwa kuwa ni mshonaji, na kwa kuwa hakuna siku utamkosa na kifungo: mfukoni, kwenye mto wa kiti, mara moja hata ndani ya bakuli la sukari. Yeye na dada yake walikuwa na miaka sita hawasemezani sawasawa. Salamu zilikuwepo, lakini mambo ya moyoni hapana. Chanzo kilikuwa cherehani ya mama yao. Marehemu aliwalea wote wawili kwa cherehani ile nyeusi ya kukanyaga, na alipofariki, Mwalimu akamkabidhi mdogo wake akasema, "Itunze." Mama Vifungo akamwazima jirani kwa wiki moja tu. Jirani akahama nayo, na mpaka leo hajulikani aliko. Mwalimu hakupiga kelele. Alisema tu, "Sitakupa kitu tena," na neno lake akalitimiza, hata kijiko hakumpa.

Mpaka Pamba. Siku alipomkabidhi kamba mlangoni, hakuiachia mara moja. Waliishika wote wawili, mmoja huku, mmoja huku.

"Nikirudi nimkute kama nilivyomwacha," alisema Mwalimu.

"Dada, ondoa shaka."

"Na kwa yule kinyozi wa mbwa usimpeleke. Unajua alichomfanya."

Nani asiyejua? Sikio la kushoto la Pamba lilikuwa na pengo pembeni, kipande cha ukubwa wa ukucha kimekwenda. Miaka minne Mwalimu alikuwa akisimulia jinsi Kinyozi alivyomkata kwa uzembe, na tangu hapo akawa anamnyoa mwenyewe nyumbani. Na Mwalimu akisema jambo mtaani kwao, limeshaandikwa ubaoni. Nusu ya wanafunzi wake wa zamani wana mbwa.

Basi, Pamba akahamia kwa Mama Vifungo na mumewe, ambaye ni Fundi Saa, mtu mpole anayetembea na kioo cha jicho moja kimeninginia shingoni hata siku asiyokuwa na saa ya kutengeneza. Wiki ya kwanza ikaenda vizuri. Mama Vifungo alimchana kila asubuhi, lakini brashi ikigusa chini karibu na ngozi, Pamba analia kitoto, naye anamhurumia, anachana juu juu. Juu alipendeza, anapepea, wateja wanamshika wanasema, jamani, kama wa dukani. Mama Vifungo akavimba kichwa. Akawa anamwambia mumewe kwamba dada akirudi atajua nani mtunzaji.

Alhamisi asubuhi ya wiki ya tatu, siku mbili kabla Mwalimu hajaruhusiwa hospitali, alikuwa amempakata akimkuna nyuma ya sikio. Vidole vyake vikagonga kitu kigumu. Akafunua manyoya. Fundo. Akapapasa kwapani, fundo. Tumboni, mafundo yameungana yakawa kitu kimoja. Lo! Juu pamba, chini mkeka.

Ule woga uliompata hauelezeki kwa mtu ambaye hajawahi kupoteza cherehani ya mama yake. Akilini alimwona Mwalimu akishuka kwenye gari, akimshika mbwa wake, akiinua macho. Hatasema kitu. Atachukua kamba tu, na huo ndio utakuwa mwisho wa udugu wao. Safari hii hakutakuwa na nyonga nyingine ya kupasuliwa ili wapatane.

"Mpeleke kwa Kinyozi," alisema Fundi Saa bila kuinua kichwa mezani kwake. "Kazi yake hiyo."

"Kwa muuaji yule? Dada amenikataza kwa kinywa chake."

"Basi mwambie dada yako manyoya yamefungamana."

"Wewe mzee, unanitakia mema kweli?"

Akapiga moyo konde. Miaka thelathini na tano anakata kitambaa, mpaka hariri inayoteleza kama samaki anaikata akiongea na mteja. Manyoya ni nini mbele ya mkasi wake? Akateka maji ya vuguvugu, akamwogesha Pamba kwenye beseni. Mshonaji yeyote atakwambia: kitambaa hufuliwa kwanza, ndipo kikatwe, kisije kikasinyaa mwilini mwa mteja. Ndivyo mama yao alivyowafundisha, na ndivyo alivyofanya. Sasa manyoya yaliyofungamana ukiyalowesha kabla ya kuyafumua, yakikauka yanakaza mara mbili. Hilo hakulijua. Pamba alipokauka juani, yale mafundo yalikuwa yamegandamana na ngozi hata kidole hakipiti.

"Haya," alisema. "Mshike."

Wakamweka juu ya meza ya jikoni, juu ya kitambaa cha meza. Fundi Saa alimshika kifuani kwa mikono miwili. Mama Vifungo akautoa mkasi wake mkubwa wa nguo, ule ambao mtu akithubutu kukatia karatasi nyumbani kwao hapakaliki. Akaanza na fundo la mgongoni, lililokuwa limelegea kidogo. Likatoka safi. Akalinyanyua mumewe alione.

"Unaona? Mnanitishia kinyozi!"

"Sijasema kitu."

"Kichwa chako kimesema."

La pili likatoka. La tatu, kwapani, likatoka. Jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, lakini mkono ulishapata ujasiri wake. Akafika nyuma ya sikio la kulia, penye lile kubwa kuliko yote. Mkasi haukupata pa kuingia. Basi mkono wa kushoto ukafanya kazi uliyoizoea tangu utotoni, wenyewe, bila kuulizwa. Mama yao alikuwa na maneno yake, aliyasema kila kitambaa kilipotandikwa, mpaka yakawa wimbo: vuta, kaza, kata; kitambaa kilicholegea huudanganya mkasi. Akalishika lile fundo. Akavuta. Akakaza. Akakata.

Alisikia kabla hajaona. Mshonaji huijua sauti ya mkasi ukikata kitambaa kimoja, na huijua sauti ya mkasi ukikata viwili vilivyolaliana. Hii ilikuwa ya viwili.

Pamba hakulia papo hapo. Alinyamaza kwanza, kama anayejiuliza, kisha akatoa ukelele mmoja mwembamba uliowafanya wote wawili waruke. Nyuma ya sikio pakafunguka mdomo mwekundu, urefu wa tundu la kifungo cha koti, na damu ikashuka kwenye ule weupe wote.

"Umemkata," alisema Fundi Saa.

"Najua nimemkata! Unadhani sina macho?"

Akatupa mkasi. Mkasi ambao hautupwi. Akashika taulo, akabandika, taulo likawa jekundu. Akageuza upande wa pili. Akili yake ilikuwa inakimbia huku na huku. Na kabla mumewe hajatambua, alikuwa ameshafungua kopo lake na kutoa sindano nyembamba kuliko zote na uzi mweupe.

"Nyuzi tatu tu, mzee. Mshike vizuri. Nyuzi tatu, hata haitaonekana."

"Weka sindano chini!" Fundi Saa hakuwa mtu wa kupaza sauti, ndiyo maana alisikika. "Huyo si sketi, mke wangu! Weka chini!"

Akaiweka. Akakaa sakafuni na kulia, mbwa kifuani. Wakampigia daktari wa mifugo. Simu ikaita mpaka ikakatika. Wakapiga tena, ikakatika tena. Kinyozi alikuwa mtaa wa pili tu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mbwa hakujichoma yeye. Akamfunga Pamba kwenye taulo kubwa, akatoka na kandambili zisizofanana, akikimbia.

"Mama Vifungo, umebeba nini?" aliuliza fundi viatu wa pembeni.

"Nguo!" alijibu, na nguo ikalia njia nzima.

Duka la Kinyozi lilikuwa chumba kimoja chenye ubao mlangoni uliochorwa mbwa anayefanana zaidi na kondoo. Kinyozi alikuwa jitu la mtu, mikono kama sahani, sauti ya chini. Zamani alinyoa watu. Aliacha, alisema, kwa sababu mbwa hazungumzi siasa kitini. Ndani kulikuwa na meza moja inayotumika, na nyingine mbili zimeegemezwa ukutani, zimefunikwa nailoni yenye vumbi. Hakuuliza habari za asubuhi. Aliona taulo tu.

"Wapi?"

"Nyuma ya sikio. Fundi, nisaidie, nakuomba, si mbwa wangu, nakuomba."

"Usilitoe taulo. Bonyeza hapa. Si hapo, hapa. Sasa hesabu polepole mpaka mia tatu, na usichungulie."

Akahesabu. Yeye akachukua simu, akampigia daktari wa mifugo kwa namba nyingine aliyokuwa nayo, akazungumza maneno machache. "Nusu saa," alisema. Kisha akaja mezani, akaukunja mgongo wake mkubwa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mbwa. Kidole gumba kikapita taratibu kwenye lile pengo la sikio la kushoto.

"Pamba," alisema. "Umekuwa mzito, mzee wangu."

Na Pamba, aliyekuwa akitetemeka tangu mezani jikoni, akamlamba mkono.

Sijui kama ni hofu iliyomtoka Mama Vifungo kwa njia ya ulimi, au ni wivu tu wa kuona mbwa amempenda adui. Ulimi ukateleza. "Huna hata haya! Unamgusa sikio ulilolikata wewe mwenyewe?"

Kinyozi alinyoosha mgongo, akachukua kitambaa, akafuta meza palipokuwa safi tayari. "Umefika ngapi?" aliuliza.

"Mia na arobaini."

"Endelea." Akafuta tena. Halafu akasema, taratibu, "Mama, siku ile aliletwa kwangu amefungwa taulo. La bluu. Mwenye mbwa alikuwa analia kuliko mbwa."

Mama Vifungo akapotelewa na hesabu.

"Nikamzuia damu, nikamwita daktari, kama leo. Aliniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Sikujua kwamba yeye ndiye atakayewaambia wote."

"Na hukujitetea?"

"Kwa nani? Mimi kinyozi, yeye Mwalimu. Mtaa mzima amewafundisha kusoma." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mwamba ngoma huvutia kwake, mama. Mtu akiogopa huvuta chochote kilicho karibu. Mimi nilikuwa karibu. Wateja wakapungua, nikazikunja meza mbili. Leo nimesema kwa sababu umeniambia usoni, na kwa sababu na wewe umeshika taulo."

Mama Vifungo alitazama zile meza mbili zenye vumbi, na aibu ikampanda ambayo nusu yake haikuwa hata yake.

Daktari wa mifugo alikuja, mwanamke mwenye haraka, akamshona Pamba nyuzi tatu. Tatu kamili, na Mama Vifungo akajikuta anatazama mshono na kuona kwamba ni mzuri. Daktari akasema manyoya yote yanyolewe, kidonda kipate hewa, na kwamba kesho kutwa atakuwa anakimbia. Akaondoka.

Basi Kinyozi akawasha mashine ya kunyolea, akaiacha ingurume kwanza mbali, Pamba aizoee. Alikuwa na kitana cha chuma. Alikipenyeza kati ya fundo na ngozi, taratibu, hata ikabidi akingoje kiingie chenyewe, na mashine ikapita juu ya kitana. Mkono wake wa pili haukuvuta kitu. Ulilala tu ubavuni mwa mbwa.

"Huvuti?" aliuliza Mama Vifungo.

"Ukivuta, ngozi inakuja nayo. Unadhani umeshika manyoya, kumbe umeshika mbwa." Akapuliza manyoya kwenye kitana. "Mashati hayana tabu hiyo, eti?"

Usione vyaelea, vimeundwa. Saa nzima alimtazama mtu yule akifanya kazi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipumua mpaka chini. Lakini mashine ilipozimwa, juu ya meza alisimama kiumbe mwembamba wa rangi ya waridi, masikio makubwa, tumbo tupu, kifaranga kilichonyeshewa. Nyuma ya sikio, nyuzi tatu nyeusi. Hakukuwa na kofia duniani ya kuzificha.

Na hapo simu yake ikaita. Ilikuwa Mwalimu.

Aliiacha ikaita. Ilipoita tena alikuwa ameshafika nyumbani, akaipokea amekaa kitandani, mlango umefungwa.

"Mbona hupokei? Pamba hajambo?"

"Hajambo, dada."

"Anakula?"

"Anakula." Hiyo ilikuwa kweli. Kiumbe kile kilikuwa kimekula kama hakijakatwa.

"Mwekee simu sikioni nimsemeshe."

Akamwekea simu sikioni, sikio la kulia, kidole kimoja kando ya nyuzi. Sauti ya Mwalimu ikatoka nyembamba: baba, nakuja, Jumamosi nakuja, umenikosa eh? Pamba akaanza kulia na kuitafuta ile sauti nyuma ya simu. Mama Vifungo alitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa Fundi Saa, ambaye alimpenda mkewe na hakuweza kumwona hatii chakula mdomoni, alitoa shauri lake. "Sema ni Kinyozi," alisema, akikitazama kioo chake badala ya kumtazama yeye. "Jina baya analo tayari. Hata hatashtuka."

Alikuwa hajamwambia mumewe aliyoyasikia. Hakumwambia hata hapo. Alikaa na lile shauri siku nzima, akilipindua kama kitambaa kutafuta upande wake wa juu. Dada atauliza, atajibu, tulimpeleka kwa Kinyozi. Hata neno moja si uongo. Halafu akaona kitu kilichomfanya acheke peke yake jikoni, kicheko kibaya. Mtaani humo kote, ukimtoa Kinyozi mwenyewe, mtu mmoja tu asingeuamini uongo ule, na mtu huyo ndiye aliyeutunga.

Na hasira nazo zikaja, kwa nini zisije? Miaka sita ananyimwa kijiko! Miaka sita anatazamwa kama mwizi kwa ajili ya cherehani, na mtazamaji mwenyewe amemkata mbwa wake na kumbambikia mtu wa watu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: na wewe je, dada? Na taulo la bluu? Usingizi uliomchukua ulikuwa mbovu, na asubuhi alikuwa hajui bado ni lipi litakalomtoka: uongo wa mumewe, taulo la bluu, au ukweli wake mwenyewe.

Jumamosi saa sita gari likasimama nje. Mwalimu alishuka mguu mmoja kwanza, kisha fimbo, kisha mguu wa pili, amekonda, kilemba chake kimenyooka kama kawaida. Pamba alimsikia kabla hajamwona. Akachomoka mlangoni, waridi mtupu, mkia unazunguka, akajitupa miguuni pake.

Mwalimu akatazama chini. "Huyu ni nani?"

Akakaa kwenye kiti cha barazani kwa taabu, akampakata. Mkono ukapita mgongoni palipo wazi, ukapanda shingoni, ukafika nyuma ya sikio la kulia. Ukasimama. Akaligeuza sikio. Akaziona nyuzi.

"Nani amemfanya hivi?"

Fundi Saa akakohoa. Mchuma janga hula na wa kwao, na yeye alikuwa tayari kula. "Shemeji," alianza, "unajua, tulimpeleka kwa Kinyozi..."

Mama Vifungo hakuwa akimtazama mumewe. Alikuwa akimtazama dada yake, na aliona uso ule, uso ulionyamazisha madarasa, ukibadilika rangi. Mwalimu hakukasirika. Aliogopa. Kidole chake kilitoka kwenye nyuzi kikaenda kwenye sikio la kushoto, kikafunika lile pengo.

Hasira zote za jana zikamwisha mdogo wake hapo hapo, akabaki na yale yaliyo yake tu.

"Si Kinyozi," alisema. "Ni mimi, dada. Alhamisi, juu ya meza ya jikoni, kwa mkasi wangu wa nguo. Nilimchana juu juu wiki tatu kwa sababu alikuwa analia, akafungamana, nikaogopa utamwona. Kinyozi ndiye aliyemwokoa. Uliniambia nisimpeleke, nikampeleka." Sauti ikamkatika, akaitafuta tena. "Ulinipa kitu cha pili, na cha pili nimekiharibu. Ukitaka kunyamaza miaka mingine sita, nyamaza. Haki yako."

Pamba akajilamba mguu. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Fundi Saa akaingia ndani.

"Ulivuta?" aliuliza Mwalimu.

"Eh?"

"Lile fundo. Ulivuta kwanza?"

"Nilivuta."

"Ukakaza."

"Nikakaza. Si ndivyo mama alivyotufundisha?"

"Kitambaa kilicholegea huudanganya mkasi," alisema Mwalimu, kwa sauti ya mama yao kabisa, na machozi yakamshuka bila yeye kuyafuta. Akakiondoa kidole, lile pengo likabaki wazi kati yao. "Na mimi nilivuta."

Mdogo wake hakusema kwamba anajua. Alivuta kigoda, akakaa karibu na miguu yake.

"Miaka miwili nilikuwa nimeshakunyima kila kitu kwa sababu hujui kutunza," alisema Mwalimu. "Halafu nikamkata mbwa wangu kwa mkono wangu. Ningeanzaje kukwambia? Ungenicheka."

"Ningekucheka kweli."

"Basi."

Ndani Fundi Saa alisikika akigonganisha vikombe. Mwalimu akajifuta uso kwa kiganja, akajiweka sawa kilemba, akatazama barabara.

"Yule baba anafunga saa ngapi?"

"Kinyozi? Saa kumi."

"Nipe fimbo yangu."

"Dada, hujanywa hata chai. Daktari amesema upumzike."

"Nipe fimbo. Tupite njia ya kwa fundi viatu, watuone wote, wajue naenda wapi."

Akasimama kwa tabu, akishika bega la mdogo wake. Akaifunga kamba kwenye ukosi wa Pamba, akainyoosha ile kamba mbele yake, na safari hii hakuing'ang'ania.

"Mshike wewe," alisema. "Mimi nina fimbo."

Mama Vifungo akaipokea kwa mikono miwili, akaiacha ilegee, Pamba akatangulia.